Nilipunguza dera la mama mara tatu bila kuuliza kwa nini

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga mjini. Wateja wangu wote nawaandika kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, urefu. Mama yumo tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa ndiye mteja wangu wa kwanza. Mwaka 2009 urefu wa dera lake, kutoka begani hadi chini, ulikuwa inchi 55. Mwaka 2015 nikaandika 54. Mwaka 2019 nikaandika 53. Idi ya mwaka 2022 alivaa dera jipya nililokata kwa kipimo cha zamani, likawa linaburuza sakafuni. Nikalikata inchi moja, nikapiga pindo upya, nikaandika 52. Nikamwambia, "Mama, uzee umeingia." Akacheka. Miezi mitatu baadaye alivunjika nyonga.

Namwandikia mtu mwenye mama, shangazi au bibi ambaye mgongo umeanza kupinda na nyumba nzima inasema ni uzee. Sisi tulisema hivyo miaka mingi, na neno hilo lilitutosha kiasi kwamba hakuna aliyetafuta jingine. Jingine hilo ni osteoporosisi, yaani mifupa kudhoofika kwa ndani.

Ilikuwa alfajiri. Luku ilikata usiku na hakuna aliyeamka kuingiza umeme. Mama alitoka kwenda kutawadha, miguuni ana kandambili zilizolika soli. Hakudondoka kutoka ngazini wala hakugongwa na bodaboda. Aliteleza kwenye saruji iliyolowa akaangukia ubavu wa kulia, basi. Nilipofika na tochi ya simu nilimkuta kalala, mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto na unyayo umelalia nje. Leo naijua maana ya picha ile: mzee akianguka, mguu ukafupika na kugeukia nje, na hawezi kuunyanyua, muhesabuni kuwa kavunjika nyonga mpaka eksirei iseme vingine. Msimsimamishe, msimkande, msimvute mguu.

Sisi tulifanya yote matatu. Kaka yangu mkubwa alisema mama kateguka, akaitwa mzee wa kuunga mifupa wa mtaani kwetu. Simlaumu. Aliwahi kuunga mkono wa mpwa wangu ukapona vizuri, na sisi ndio tuliomwita. Alimchua kwa mafuta ya nazi, akafunga banzi, akasema mguu upumzike. Siku nne mama alilala chali, akila kidogo ili asisumbue watu kumpeleka msalani. Siku ya nne alianza kukohoa, homa ikapanda, na nilipomgeuza nikakuta ngozi ya juu ya makalio imebadilika rangi na kuanza kuchubuka. Nililia pale pale.

Hospitalini picha ilionyesha kwamba shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, imekatika kabisa. Sehemu ile haishiki banzi. Mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa hupita kwenye shingo hiyo hiyo, na ikikatika, kichwa kinaweza kufa. Daktari alitueleza kwamba mgonjwa wa namna hii anatakiwa afanyiwe upasuaji ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu kinachowaua wazee ni kulala: damu inaganda miguuni, mapafu yanajaa, vidonda vinaoza. Hata katika nchi zenye hospitali nzuri kuliko zetu, karibu mzee mmoja kati ya watano wanaovunjika nyonga hafikishi mwaka. Aliyasema hayo kwa upole, na kaka yangu akatoka nje.

Mama alifanyiwa upasuaji siku ya saba tangu aanguke. Waliondoa kichwa cha mfupa wakaweka cha chuma. Gharama nitazisema wazi, maana nilipokuwa natafuta habari hakuna aliyenitajia. Upasuaji na kifaa vilifika shilingi milioni 3 na laki 4. Bima mama hakuwa nayo. Ukijumlisha vipimo, dawa, nauli, chakula cha wauguzaji na fremu ya kutembelea, tulikaribia milioni 5. Kundi la familia la WhatsApp lilichangia, mama mdogo aliyeko Muscat akatuma sehemu kubwa, na mimi niliuza mashine yangu ya kudarizi. Chupa mbili za damu walichangia mpwa wangu na kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu ambaye mpaka leo mama humwita mwanangu.

Siku ya pili baada ya upasuaji walimsimamisha. Niliona ni ukatili. Nesi aliniambia, "Dada, ukimhurumia kitandani utamzika." Mama alipiga hatua tatu, kashika fremu, jasho linamtiririka, midomo inasoma dua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningetamani lingetokea miaka sita kabla. Kabla ya kuturuhusu, daktari mmoja kijana alivuta kiti, akamwamkia mama, kisha akaanza kuuliza. Bibi, umewahi kuvunjika mfupa kabla ya hapa? Mama akajibu, ndiyo, kifundo cha mkono, mwaka 2016. Alijikwaa kwenye mkeka, akajikinga kwa kiganja, mfupa ukavunjika. Kituo tulichotibiwa walimfunga hogo wiki sita, wakalifungua, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mfupa wa mtu mzima umevunjika kwa kujikwaa tu. Kimo chako kimepungua? Mama akasema hapana. Mimi nikanyamaza, kisha nikasema: inchi tatu, ninazo kwenye daftari. Mgongo ulikuwa unauma? Ndiyo, mwaka 2018 ulimuuma ghafla alipoinua ndoo, akalala wiki tatu, tukasema ni baridi. Hedhi ilikoma lini? Mwaka 1994, akiwa na miaka 43, alipotolewa kizazi pamoja na vifuko vya mayai kwa sababu ya uvimbe. Dawa gani unatumia?

Hapo ndipo mama alipofungua kitambaa chake akatoa vidonge. Prednisoloni. Miaka mingi nyuma aliandikiwa vya siku tano kwa ajili ya pumu. Vilipomtuliza kifua na magoti kwa mpigo, akaendelea kuvinunua mwenyewe dukani, kimoja kila siku, bila cheti, kwa karibu miaka tisa. Vilikuwa bei rahisi, na mimi mwenyewe nilikuwa natumwa kuvinunua.

Daktari alipojua mimi ni fundi nguo alinieleza hivi, na sijasikia maelezo yaliyoniingia kuliko haya. Mfupa si jiwe. Maisha yote unafumuliwa na kushonwa upya, kipande kwa kipande. Ukiwa mtoto na kijana, kushona kunazidi kufumua, na mfupa unafikia ujazo wake wa juu karibu na miaka 30. Baada ya hapo vinakwenda sawa, kisha kufumua kunaanza kushinda taratibu. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni ndiyo inayomshika mkono mfumuaji asizidishe. Hedhi inapokoma, estrojeni inashuka na mfumuaji anaachiwa uwanja, hasa miaka mitano hadi kumi ya mwanzo. Mama aliingia huko akiwa na miaka 43, mapema kuliko wenzake. Kisha prednisoloni ikamdhoofisha mshonaji. Kwa nje mfupa unabaki na umbo lake; ndani umekuwa kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Huo ndio ugonjwa wa osteoporosisi. Hauumi, hauvimbi, hauleti homa. Mara nyingi ishara ya kwanza ni mfupa kuvunjika, na kwa mama ishara hiyo ilikuja mwaka 2016.

Pingili za uti wa mgongo nazo zinavunjika, ila zinavunjika kwa kubonyea, kama kopo lililokaliwa. Ndiyo maana mtu anapungua kimo na kuota kibiongo. Maumivu yale ya mwaka 2018, picha ya pembeni ilionyesha pingili mbili zimebonyea. Aliyepungua kwa zaidi ya sentimita 4 tangu ujana wake anastahili kupigwa picha ya mgongo.

Na tuliloliamini, kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, daktari alilikata kwa kumwonyesha mama mwenyewe. Ni kweli kwa wastani watu weusi wana mifupa mizito zaidi, lakini wastani haumlindi mtu aliyekoma hedhi mapema na kumeza prednisoloni miaka tisa. Wanaume nao wanaupata, ingawa ni wachache kuliko wanawake.

Kwa wanaotumia prednisoloni kwa sababu ya kweli, kama pumu kali, lupasi au baridi yabisi: msiache ghafla kwa kusoma maneno yangu. Mwili ukizoea dawa hiyo husahau kutengeneza homoni yake, na kuacha siku moja kunaweza kumwangusha mtu hata kumuua. Mama alipunguziwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, akapewa ya kuvuta kwa ajili ya pumu. Mwulizeni daktari mambo mawili: je, dozi inaweza kushuka, na mifupa yangu inalindwa na nini? Wanaoinunua ili wanenepe, na wapo wengi mtaani, hao nawaomba kama dada yenu, nendeni mkaonwe na daktari awasaidie kuiacha.

Tulimpeleka Dar kwa kipimo cha DEXA, kinachopima wingi wa madini kwenye mfupa. Unalala kwenye meza dakika chache, mkono wa mashine unapita juu yako, hakuna sindano na mionzi yake ni kidogo sana. Tulilipa laki 1 na elfu 20, tukajumlisha basi kwenda na kurudi na usiku mmoja kwa binamu. Jibu linakuja kama alama inayokulinganisha na kijana mwenye afya. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994, kuanzia 2.5 chini ya sifuri na kuzidi kushuka ni osteoporosisi. Mama alikuwa 3.6 chini ya sifuri. Kama huwezi kufika kwenye mashine hiyo na tayari mzee wako kavunjika nyonga au pingili kwa kuanguka kidogo, usingoje: mvunjiko wenyewe unatosha daktari kuanza tiba. Wala usitulizwe na eksirei ya kawaida iliyoonekana safi, maana haionyeshi upungufu mpaka mfupa upoteze karibu theluthi ya madini yake.

Kwenye dawa tulikosea tena. Mama aliandikiwa alendroneti, dawa ya kumpunguza kasi yule mfumuaji, kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki. Masharti yake ni makali: umeze asubuhi ukiwa hujala, kwa bilauri nzima ya maji matupu, kisha ukae wima au usimame nusu saa bila kula wala kulala. Duka la dawa walitupa boksi bila maelezo. Mama alimeza na chai ya maziwa, akarudi kujinyoosha. Maziwa yanazuia dawa kuingia mwilini, na kulala kunaiacha iunguze koo la chakula. Wiki ya tatu kifua kilimwaka moto, akaficha boksi chini ya mto, tukapoteza miezi miwili tukidhani anatumia. Hakutaka kutuvunja moyo baada ya fedha zote zile.

Daktari akabadilisha, akampa zoledroneti, dripu moja kwa mwaka. Kwanza walipima figo, kalsiamu na vitamini D. Vitamini D ilikuwa chini, ikapandishwa kwanza. Walitutuma pia kwa daktari wa meno, akang'olewa gego bovu, kwa sababu mara chache dawa hizi husababisha mfupa wa taya kutopona baada ya kung'oa jino. Dripu ya kwanza ilimletea homa na mwili kuuma siku mbili. Tulikuwa tumeonywa, tukampa panado na maji mengi, ikapita. Laki 3 na nusu kwa mwaka si fedha ndogo, lakini nazilinganisha na ile milioni 5. Kila mwezi mimi na kaka tunaweka elfu 30 kwenye simu, na mwaka unapotimia fedha ipo.

Jambo la vitamini D lilinishangaza. Jua la Tanga lote hili! Lakini mama alikuwa ndani tangu asubuhi, akitoka kajifunika, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani. Kioo cha dirisha hakipitishi ile miali inayotakiwa. Sasa anakaa uani, mikono na miguu wazi, anachambua mchele.

Chakula. Majirani walituletea supu ya makongoro karibu kila siku, kwa mapenzi, na tuliinywa kwa shukrani. Ila supu ya mifupa ina kalsiamu kidogo mno. Haihami kutoka kwenye mfupa kuingia kwenye mchuzi kama tunavyodhani. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku. Bilauri moja ya maziwa ina karibu 300. Mama hapendi maziwa, na mji huu unakamua maziwa mengi, basi tulihangaika mpaka tukagundua mtindi anaupenda. Anakunywa bilauri mbili, uji wa ulezi asubuhi, na dagaa wakavu mara nne kwa wiki. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, hapo ndipo siri ilipo. Tunawaloweka kwanza kutoa chumvi, kwani chumvi nyingi hutoa kalsiamu kwa mkojo. Mchicha tuleni kwa faida zake nyingine, lakini kalsiamu yake imefungwa na haitoki kirahisi. Inayobaki tunajazia kwa kidonge, pamoja na chakula. Na mayai, samaki au maharage yasikosekane, maana mfupa unashonwa pia kwa protini.

Nyumbani tulibadilisha mambo mengi, na hapa ndipo tuligombana na mama zaidi. Choo cha kuchuchumaa ni mwiko kwa mwenye nyonga ya bandia kama yake. Seremala alitoboa kiti cha mbao, tukakiweka juu, na fundi akachimbia bomba la chuma ukutani la kushika. Mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mama aliikalia tangu akiwa binti, ikaondoka. Kiti kifupi namna ile kinakunja nyonga kupita kiasi. Siku niliyoitoa aliona kama nimemvua umama wa nyumba. Sasa nazi inakunwa na mjukuu, yeye anasimamia kwenye kiti kirefu, na kasoro zote anaziona. Ufagio wa chelewa tuliufunga mpini mrefu, kwa sababu kuinama mbele, hasa ukiwa na mzigo, ndiko kunakobonyeza pingili. Anaswali kwenye kiti. Kandambili tukazitupa, akapata viatu vya mpira vyenye kamba ya nyuma. Mtoto wa jicho akatolewa mwaka 2023, na alipotoka hospitali alisema hakujua kwamba kizingiti cha mlango wetu kina rangi ya bluu. Fikirieni mtu aliyekuwa anavuka kizingiti hicho mara ishirini kwa siku. Taa ya kuchaji kwa jua inakaa kando ya kitanda, Luku iishe isiishe.

Mazoezi hayakwepeki. Mfupa unajengeka ukibebeshwa uzito wa mwili. Mama anatembea na fremu hadi duka la kona na kurudi, kisha anasimama nyuma ya kiti na kunyanyua mguu mmoja akihesabu hadi kumi.

Mimi nina miaka 49. Mtoto wa mzazi aliyevunjika nyonga ana hatari zaidi ya yeye kuvunjika, hivyo hedhi yangu inavyoyumba siwezi kujifanya sioni. Kazi yangu ni ya kukaa; nimeanza kutembea nusu saa kila jioni, na ndoo zangu nabeba mwenyewe. Binti yangu ana miaka 14 na yuko kwenye miaka yenyewe ya kuweka akiba. Nimeacha kumkataza kuruka kamba eti amekuwa mwali.

Kazini nimeongeza safu moja kwenye daftari. Mteja wa zaidi ya miaka 50 akija, nafungua kipimo chake cha zamani nalinganisha. Mwaka jana niliwaambia wawili, kwa faragha na kwa adabu, waende kupiga picha ya mgongo. Mmoja alikasirika, akahamia kwa fundi mwingine. Mwingine alikutwa na pingili moja imebonyea, na amekwisha anza dawa.

Wiki iliyopita nilimpima mama kwa ajili ya dera la harusi ya mpwa wangu. Alisimama kashika fremu, nikavuta futi kutoka begani hadi chini, nikaandika. Nikavuta tena.

"Mbona unanipima mara mbili?" akauliza.

Nikamwambia nataka kuhakikisha. Ilikuwa 52, kama ile ya Idi ya mwaka 2022.